Kumshauri mwenzetu anayemkaribia mno aliye mbele

Swali: Ndugu zangu, kundi letu la pikipiki linajiandaa kwenda Iringa kupitia Mikumi, na mwenzetu mmoja huiganda taa ya nyuma ya aliyemtangulia. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Jibu: Mwite kando kabla ya safari, wala usimkosoe mbele za watu. Mweleze kwamba hata tunapojipanga kwa kupishana kushoto na kulia, anayemfuata mwenzake katika mstari uleule anahitaji kuacha nafasi ya walau sekunde 2, kwa sababu tembo akivuka ghafla pale hifadhini, breki ya mmoja huweza kuangusha wengi.

Jibu: Na kama ni mgeni wa safari za kundi, akae nyuma ya kiongozi, kwani wa mkiani hulazimika kuongeza mwendo ili kulifikia kundi.

Muulizaji: Ahsanteni. Nitamwomba naye anieleze kasoro anazoziona kwangu.