Lewiston au Winooski? Tunahama Dallas, tusaidieni kulinganisha

mama_zawadi (Dallas)
Habari zenu ndugu zangu. Tumeishi Texas miaka sita na joto limetushinda. Hapa bila gari huendi hata kununua chumvi. Mdogo wangu yuko Lewiston, Maine, ananiita. Shoga yangu tuliyekuwa majirani kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, yuko Winooski, Vermont, naye anavuta upande wake. Kila mmoja anausifia mji wake hadi nashindwa kupima. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 14. Naomba kujua: katikati ya mji kukoje? Mtoto anaweza kwenda shule kwa miguu? Kuna pa kulima? Na baridi mnaishije nayo? Msiniambie "inategemea", nielezeni mnachokiona kwa macho.

baba_furaha (Winooski)
Karibu dada. Nilifika hapa 2018 nikitokea hukohuko Nyarugusu, kwa hiyo najua unakotoka.

Winooski ni mji mdogo sana, watu kama 8,000 tu kwenye eneo linalozidi kidogo maili moja ya mraba. Katikati kuna kipilefti kikubwa chenye umbo la yai, na maduka yamekizunguka. Ukiteremka kidogo unakuta viwanda vya zamani vya vitambaa vya sufu, majengo ya matofali mekundu, marefu, yamekaa ukingoni mwa mto. Vilifungwa 1954 na mji ukakosa pumzi. Miaka ya 1970 wakavunja nyumba za katikati wakidhani wanaokoa mji, pakabaki maegesho ya magari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo pakajengwa upya: nyumba za kupanga, ofisi, njia ya miguu kando ya mto. Viwanda havikubomolewa, watu wanaishi na kufanya kazi humo. Huu ni mji ambao mwaka 1979, mafuta yalipopanda bei, viongozi wake walifikiria kwa dhati kuufunika mji mzima kwa kuba ili kupunguza gharama za kupasha nyumba joto. Kuba halikujengwa, lakini mimi nawapenda watu waliothubutu kuwaza hivyo.

Shule ni kampasi moja, chekechea hadi kidato cha mwisho. Wanangu wanatembea dakika kumi na wanatoka pamoja.

Na kuna jambo moja hulipati Lewiston. Hapa mwenye ukaazi halali anapiga kura za jiji na za shule hata kama bado si raia. Wakazi walilipitisha 2020, na Bunge la jimbo likalipitisha 2021 licha ya gavana kulikataa kwa veto. Machi 2022 nilisimama kwenye foleni na karatasi yangu mkononi. Nina miaka 47 na ile ilikuwa kura yangu ya kwanza kuipiga bila woga. Mke wangu alivaa kitenge kipya siku ile.

dada_mwanaisha (Lewiston)
Baba Furaha, shikamoo. Hilo la kura nakubali, mmetupita. Sasa nipishe kidogo.

Mama Zawadi, Lewiston ina watu zaidi ya 37,000, na ukivuka daraja uko Auburn. Sisi tuliotoka Somalia tulianza kuja 2001, wakati mtaa wa Lisbon ulikuwa na maduka mengi matupu, vioo vimepigwa mbao. Leo ukipita pale unanunua unga, nyama ya halali, dira, kadi za simu, na unasalimiwa kwa lugha tatu kabla hujafika mwisho wa mtaa. Mji haukutujengea hayo maduka. Mama zetu walikodi vyumba, wakafagia, wakapanga rafu. Bibi yangu alikuwa anaongea Kizigua, kile ambacho babu zetu walikwenda nacho mto Juba, Somalia, kutoka upande wa Tanga, na ndani ya duka moja pale alikutana na mwenzake wa kuongea naye. Alirudi nyumbani analia.

Kiwanda cha Bates, kile cha vitandiko na mashuka, kimefanywa migahawa na ofisi. Wazee wa hapa ni wajukuu wa Wafaransa wa Kanada waliokuja kufanya kazi humo, na wale wa umri wa babu zetu bado wanaongea Kifaransa. Wakongo wanapofika wakafungua mdomo, wazee wale wanang'aa uso. Waliwahi kuchekwa shuleni kwa lugha ileile.

Na mto! Aprili theluji ikiyeyuka juu milimani, maporomoko ya Androscoggin yananguruma hadi unayasikia ukiwa umefunga madirisha. Maji yana rangi ya chai ya rangi, povu jeupe, na ule mvuke unakulowesha uso ukisimama kwenye mwamba. Kuna daraja la reli ya zamani sasa ni la waenda kwa miguu, unavuka kwenda Auburn mto ukiwa chini ya nyayo zako. Zamani mto huu ulikuwa unanuka kwa taka za viwanda vya karatasi kiasi kwamba watu walifunga madirisha wakati wa joto. Seneta Edmund Muskie alizaliwa Rumford, mtoni hukuhuku juu, naye ndiye aliyepigania sheria ya maji safi ya 1972. Leo kuna watu wanavua samaki humo.

kevo_portland
Mimi niko Portland, dakika arobaini na kitu kutoka Lewiston. Kwa uzuri, bahari na Old Port, mitaa yetu ya zamani ya bandarini, hamtufikii. Lakini mama, kwa kodi ya hapa na watoto watatu, sikushauri. Kaa Lewiston, njoo kwetu Jumapili kula samaki.

mama_kelia (Burlington)
Mimi ni Mrundi wa Gitega, niko ng'ambo ya daraja kutoka kwa Baba Furaha. Mmesahau swali la kulima.

Burlington ina bonde la Intervale, mashamba ndani ya jiji kabisa, dakika chache kutoka kwenye maduka. Na kuna mradi wa bustani kwa sisi wageni, unapewa kipande chako. Mimi nalima lengalenga, maharage, na zile mnazoita ngogwe, kwetu intoryi. Msimu ni mfupi, lakini udongo wa mto ni mweusi, unashika mkononi kama unga uliokandwa. Ila nikwambie ukweli, mto hutoa na hudai. Julai 2023 mafuriko yalifunika bonde. Nilikwenda asubuhi nikakuta maji yametulia, na vilele vya mahindi vinachungulia. Chochote kilichoguswa na maji yale hakiliwi, kinazikwa. Julai 2024 yakarudi, karibu tarehe ileile. Nilipanda tena.

Mjini, Church Street ilifungiwa magari tangu 1981. Ni vitalu vinne, watoto wanakimbia huru. Karibu yake palikuwa na duka kubwa lililovunjwa likaacha shimo kwa miaka, tukaliona aibu, sasa magorofa yamesimama. Kijana wangu alisoma sekondari ndani ya lililokuwa duka la Macy's, akipanda ngazi za umeme kwenda darasani! Ukiteremka dakika tano tu, hilo hapo Ziwa Champlain, na ng'ambo milima ya Adirondack. Jua likizama pale nakumbuka Tanganyika, nikiangalia milima ya Kongo kutoka Bujumbura. Wenye baiskeli wana njia juu ya reli ya zamani, ukienda nayo kaskazini inaingia ndani ya ziwa juu ya mawe ya marumaru, maji kulia na kushoto.

mama_zawadi (Dallas)
Asanteni, nimewasoma mara mbili mbili, Mama Kelia umeniliza. Sasa nielezeni na mabaya. Nyumba? Usalama?

dada_mwanaisha (Lewiston)
Nyumba zetu za katikati ni za mbao, ghorofa tatu au nne, nyingi za kabla ya 1978, na rangi yake ya zamani ina madini ya risasi. Kabla ya kusaini mkataba dai cheti cha kipimo, na mdogo kabisa apimwe damu. Mitaa yenye majina ya miti ilipata dola milioni 30 za serikali kuu mwaka 2021 ili ijengwe upya.

Usalama, sitakuficha. Oktoba 2023 watu 18 waliuawa hapa usiku mmoja. Siku zile majirani wa Kizungu ambao hatukuwahi kuongea walibisha hodi kuuliza kama tumekula. Mimi sikuhama na sifikirii kuhama. Mdogo wangu wa kiume alikuwa uwanjani 2015 sekondari yetu ilipotwaa ubingwa wa soka wa jimbo kwa mara ya kwanza, na nusu ya mji ilikuwa imesimama inaimba.

baba_furaha (Winooski)
Kwa upande wetu baya ni moja: nyumba hazipatikani, na zikipatikana ni ghali. Tulisubiri miezi minane. Ukipata ya Lewiston haraka, na mdogo wako yupo, sitakuzuia.

Baridi: nunua viatu kwanza, koti baadaye. Miguu ikilowa siku imeharibika.

Ila usiamue kwa simu. Njooni Oktoba mlinganishe wenyewe. Hapa bwawani, karibu na kile kiwanda, kuna lifti ya samaki. Samoni wanaopanda kutoka ziwani wananaswa, wanapimwa, kisha wanapakiwa kwenye gari la maji na kuvushwa mabwawa ya juu ili wakazae. Mwanangu wa mwisho aliona mmoja mrefu kama mkono wa mtu mzima. Alishika reli ya chuma, hakutaka kuondoka hadi gari lilipowasha injini.

dada_mwanaisha (Lewiston)
Sawa, lakini njia ipite kwangu kwanza. Mdogo wako nimeshajua ni nani, tunanunua unga duka moja.

mama_zawadi (Dallas)
Basi ni Oktoba. Mume wangu amekubali siku nne, mbili kwenu na mbili kwao. Mama Kelia, mbegu za intoryi unazo? Mimi nitakuletea bamia za hapa.

mama_kelia (Burlington)
Ninazo, nimezikausha kwenye gazeti juu ya friji. Zako nimeshazitenga.