Mjadala: Nafasi ya SSD irudishwe papo hapo faili linapofutwa, au kwa ratiba?

Wadau, nalileta hili kwa sababu kila linapozuka watu hujibishana bila kusikilizana. Kambi moja inasema faili likifutwa, mfumo endeshi uiarifu SSD (diski ya kompyuta inayohifadhi data kwenye chipu) saa ileile kwamba eneo lile halina kazi tena, kwa amri ya TRIM. Kambi nyingine inasema taarifa hizo zipelekwe kwa mkupuo, tuseme mara moja kwa wiki. Mimi niko kambi ya pili.

Tuanzie kwenye chipu, maana ugomvi wote umelala hapo. SSD haiwezi kuandika juu ya data ya zamani. Huandika ukurasa kwa ukurasa, kila ukurasa kilobaiti chache, kwa kawaida 4 hadi 16, lakini kusafisha hufanyika kwa bloku nzima, nayo ina mamia ya kurasa. Ukirekebisha neno moja tu kwenye waraka, kidhibiti, yaani chipu inayoiongoza SSD, huandika toleo jipya kwingine na ukurasa wa zamani hubaki palepale, umekufa. Ili bloku ile itumike tena, kurasa zake zilizo hai lazima zihamishwe kwanza, ndipo isafishwe yote.

Sasa kidhibiti kitajuaje upi uko hai? Ukifuta faili, mfumo wa faili hurekebisha orodha zake tu. SSD haina habari. Itaendelea kuzihamisha kurasa ambazo hakuna anayezihitaji, bloku hadi bloku, na kila uhamisho unakula maisha ya chipu. Ndiyo maana unaweza kuandika gigabaiti 1 huku chipu zikiandikwa 3. TRIM ilikuja kuziba pengo hilo: Windows 7 iliileta mwaka 2009, Linux 2.6.33 mwaka 2010. Umuhimu wake haubishaniwi. Tunabishania wakati.

Wa papo hapo wana hoja moja nzito: kidhibiti kikijua mapema, huhamisha kidogo. Kwenye diski iliyojaa karibu yote na inayoandikwa usiku na mchana, nakubali kabisa. Lakini gharama yake wanaipita haraka mno. TRIM ya awali ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta, haikuweza kukaa kwenye foleni pamoja na maombi mengine, hivyo kusoma na kuandika kote kulisubiri ipite. SATA 3.1 ya mwaka 2011 ilileta TRIM ya foleni, na baadhi ya diski ziliitekeleza vibaya hadi kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux ikalazimika kuwa na orodha ya modeli zisizopelekewa amri hiyo. Futa folda yenye maelfu ya faili ndogo kwenye diski ya namna hiyo uone kompyuta inavyoganda.

Ukisubiri, mambo mawili hutokea, na la pili sioni likitajwa. Kwanza, maeneo yaliyopakana huungana, amri elfu zikawa chache. Pili, anwani nyingi zilizoachwa huandikwa upya na mfumo wa faili kabla wiki haijaisha, na kuandika upya kwenyewe kunaiambia SSD kwamba data ya zamani imekufa. TRIM yote iliyotumwa kwa anwani hizo ingekuwa kazi bure. Katikati ya wiki SSD hainyongeki, kwa kuwa ina akiba ambayo mtumiaji haioni: mara nyingi chipu huhesabiwa kwa vipimo vya jozi (gigabaiti ni baiti 1,073,741,824) na diski huuzwa kwa vipimo vya kumi (gigabaiti ni baiti bilioni moja), tofauti ya asilimia 7 hivi. Ukiacha na nafasi yako mwenyewe wazi, wiki inatosha sana.

Kati ya matoleo ya Linux, Ubuntu imekwenda njia ya ratiba tangu 14.04, Fedora tangu toleo la 32 mwaka 2020. Windows hufanya yote mawili. Najua mtanitajia Btrfs, mfumo wa faili wa Linux ambao tangu Linux 6.2 hutuma TRIM yenyewe. Sawa, lakini hukusanya kwanza, kisha hutuma polepole pembeni. Hiyo ni hoja yangu kwa muda mfupi zaidi.

Wanaozima TRIM kabisa kwa hofu ya kisa cha kampuni ya Algolia cha 2015, pale data zilipoharibika na diski za Samsung zikalaumiwa: kosa lilikutwa kwenye kerneli ya Linux, likarekebishwa. Si sababu tena.

Penye utata wa kweli ni diski zilizosimbwa, yaani ambazo data yake haisomeki bila ufunguo. Kwenye Linux, dm-crypt, sehemu inayosimba diski, haipitishi TRIM mpaka uiruhusu, kwa kuwa atakayeishika diski ataona maeneo yapi ni matupu, na hivyo kukadiria una data kiasi gani. Maandishi yenyewe hayaoni. Kwa watu wengi naona hilo si hatari ya kuichosha diski kwa ajili yake, na ningeiruhusu. Kwa mtu ambaye hata kiasi cha data yake kikijulikana anaweza kudhurika, ifungwe, na aache sehemu kubwa ya diski bila kuitumia kabisa.

Nani ataitetea TRIM ya papo hapo kwa vipimo? Hasa ninyi wenye hifadhidata kwenye NVMe, aina ya SSD zenye kasi kuliko za SATA: mlipowasha, muda wa kusubiri wa maombi yale ya polepole kabisa ulipungua au ulipanda? Na kwenye diski zilizosimbwa, mtumiaji asiyejua lolote apewe chaguo gani bila kuulizwa?