Naomba ushauri: Masters ya uhasibu au CPA (cheti cha taaluma ya uhasibu) kwanza?

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri: nina shahada ya uhasibu, GPA 3.6, nipo kazini na mshahara wangu unakatwa asilimia 15 kulipa mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu).

Ualimu wa chuo kikuu nimeuondoa mapema: wanataka 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 ya masters, na hata ukipata 4.5 kwenye masters, ile 3.6 haifutiki. Matangazo mengi ya kazi za uhasibu kwenye Ajira Portal (tovuti ya ajira serikalini) nayo yanaanzia shahada ya kwanza.

Kinachonipa wasiwasi zaidi kuhusu masters ni tasnifu. Masomo ya darasani huisha kwa wakati. Watu hukwama kwenye kibali cha kukusanya data, maoni ya msimamizi yanayochelewa, na kurudia sura ya mbinu za utafiti. Muda ukipita, unalipa tena usajili. CPA ya NBAA (bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi) ina mitihani Mei na Novemba, unajisomea huku ukifanya kazi, na ndiyo njia ya kufika kusaini ripoti za ukaguzi.

Mnaoajiri wahasibu: nafasi zipi hasa mmeona mwenye masters anamtangulia mwenye CPA?