Umahiri wa msingi wa timu ya kuunda mifumo: orodha inaanzia wapi?

Mdau_Nyamanoro:
Wakuu, habari za kazi. Niko hapa Mwanza, naongoza timu ndogo ya mifumo kwenye ushirika wa akiba na mikopo. Wanachama wetu wengi ni wavuvi na akina mama wa dagaa, kuanzia soko la samaki la Mwaloni Kirumba hadi Ukerewe. Tuko sita: wawili wanaandika programu ya simu, mmoja ni wa seva na kanzidata, dada mmoja wa majaribio, kijana wa mafunzo kwa vitendo, na mimi.

Bodi inataka orodha ya "umahiri wa msingi" wa timu kabla haijapitisha bajeti, ili ijue tuajiri nani na nani apelekwe kozi. Nimeandika PHP, Java, Flutter (zana ya kutengenezea programu za simu), SQL (lugha ya kanzidata), Linux, "uwezo wa kufanya kazi kwa presha". Nikiisoma naona ni tangazo la ajira tu. Mjumbe mmoja, mhasibu mstaafu, kaniuliza: "Hiyo Flutter ikipitwa na wakati tunawafukuza wote?" Nilikosa la kusema. Nyie wenzangu mnaandikaje?

Kijana_Igoma:
Mkuu usijichoshe. Kuna SFIA, ule mwongozo wa ujuzi wa TEHAMA uliotokea Uingereza. Kila ujuzi umeelezwa, na una ngazi 7 za uwajibikaji. Chagua unaokuhusu, panga kwenye jedwali, peleka. Bodi gani itasoma mpaka mwisho?

Bibi_Mifumo:
Kijana wa Igoma hajakosea kuhusu SFIA, ila kaanzia mwishoni. Ukiufungua ule mwongozo bila kujua unatafuta nini, utatoka na ujuzi arobaini na timu ya watu sita.

Nimekuwa mchambuzi wa mifumo miaka mingi kabla sijahamia kwenye kuku hapa Kisesa, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Weka majina ya watu pembeni kwanza, na lugha za programu pia. Chukua daftari la malalamiko ya mwaka uliopita. Kama hamna daftari, basi umeshapata mstari wa kwanza wa orodha yako. Kwa kila lalamiko uliza: mtu angejua nini ili jambo hili lisitokee kabisa? Majibu yatajirudia, na hayo yanayojirudia ndiyo msingi wenu.

Nikupe mfano wa ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, kambi zinapumzika, watu wanashona nyavu. Sasa taasisi moja ya mikopo, siitaji, ililetewa mfumo safi kabisa, marejesho tarehe 5 ya kila mwezi. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu hivi, kalenda ina 30 au 31. Kwa hiyo tarehe 5 leo inaangukia kwenye giza watu wana hela, na baada ya miezi kadhaa inaangukia kwenye mbalamwezi hawana hata ya chumvi. Mfumo ukawa unapiga faini wenyewe na kuandika kambi nzima "wadaiwa sugu". Programu haikuwa na hitilafu hata moja! Majaribio yote ilifaulu. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mvuvi anapata hela lini. Huo ndio umahiri wa kwanza, na hakuna kozi ya Flutter inayoufundisha.

Wa pili ni kutunza muamala pale mtandao unapokatika. Wakala yuko kisiwani, anabonyeza "tuma", simu inazunguka weee, anabonyeza tena. Je, mwanachama kaweka akiba mara moja au mbili? Anayejua kazi hii ataipa kila muamala namba yake ya pekee palepale kwenye simu, kabla haujasafiri, na seva ikiiona namba ileile mara ya pili haiandiki tena. Anayejua lugha tu atakuambia "mtandao wa huko mbaya".

Wa tatu, kurudisha data. Kila mtu anasema anachukua nakala rudufu. Muulize aliirudisha lini kwenye mashine tupu ikafanya kazi.

Majaribio na usalama sitavieleza, unavijua.

Si msingi: kuchora nembo, kuvuta nyaya, hata hiyo programu ya simu kwa sehemu kubwa. Hivyo unaweza kukodi mtu. Msingi ni kile ambacho mkodiwa akiondoka nacho, ushirika haujui tena hela za wanachama ziko wapi.

Ngazi 7 ni nyingi kwa watu sita. Weka tatu: anafanya akielekezwa, anafanya mwenyewe, anaweza kumfundisha mwenzake. Kila mstari uwe na angalau wawili wanaoweza kufanya wenyewe. Penye mmoja pekee, hapo ndipo bodi iweke hela ya kozi. Pasipo na mtu kabisa, ajirini.

Mkaguzi_Bukoba:
Shikamoo Bibi. Naongeza moja. Mna namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), picha na majina ya wadhamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na lazima mmoja wenu aielewe kiasi cha kusema nani aone nini. Halafu aliyeandika mabadiliko asiwe ndiye anayeyapandisha kwenye seva peke yake. Najua mko sita tu, lakini mnashika hela za watu.

Mdau_Nyamanoro:
Wabeja sana wakuu. Bibi, shikamoo. Hilo la kuelewa kazi ya mwanachama nitalipimaje? SQL naweza kumpa mtu mtihani.

Bibi_Mifumo:
Marahaba. Nalo lina mtihani. Mpeleke Kirumba asubuhi magunia ya dagaa yanaposhushwa, asiongee sana. Akirudi aandike ukurasa mmoja: hela inatoka kwa mnunuzi, inapita kwa nani, inamfikia tajiri mwenye mtumbwi na wavuvi wake vipi, na nani anamkopesha nani katikati. Kisha mama mmoja wa pale mwaloni asomewe ukurasa huo. Mama akisahihisha kila sentensi, mpe mwandishi ngazi ya kwanza, arudi tena.

Mdau_Nyamanoro:
Naanza na huyu wa seva. Yuko Mwanza siku zote na hajawahi kukanyaga mwaloni.

Kijana_Igoma:
Akienda aniletee sado moja ya dagaa, namtumia hela sasa hivi. Asibonyeze mara mbili tu.