Tupeane uzoefu: kupeana mkono kwenye biashara, Lamu na Malindi

Dalali wa Viwanja (Malindi)
Jamani, biashara zetu za pwani huanzia mkononi kabla hazijafika kwenye bei, na kila mgeni ana mkono wake. Mtaliano mkishazoeana humalizia kwa mashavu. Mjerumani hukubana barabara, akatikisa, akakutazama machoni, kisha basi. Na mkiwa wengi chumbani humpa mkono kila mmoja. Sisi tena hatuachii upesi. Unauliza hali, wazee, watoto, na mkono bado uko mle mle. Mgeni asiyejua huanza kuuvuta kidogo kidogo. Si dharau, kwao ndiyo imekwisha. Leteni yenu.

Fundi Milango (Lamu)
Alikuja Mjapani kuulizia mlango wa nakshi. Mzee wangu alikuwa na vumbi la mbao hadi viwikoni, na fundi mwenye mikono michafu hutoa kifundo cha mkono, ndiyo ada yetu. Mgeni akainama kwanza, kisha akatoa kadi kwa mikono miwili, maandishi yamemwelekea mzee. Mzee akajifuta kwa shuka, akaipokea kwa mikono miwili vilevile, akaisoma mpaka mwisho na kuilaza juu ya ubao mbele yake. Hakuitia mfukoni. Yule bwana alitulia pale pale! Kwao kadi ni kama mtu mwenyewe. Ukiisukumiza mfuko wa nyuma umeshamvunjia heshima.

Binti Langoni (Lamu)
Nasimamia nyumba ya wageni. Wanaume wengi hunyoosha mkono mbele yangu kabla hata ya salamu. Mimi huweka mkono kifuani, natabasamu, nasema karibu sana. Mwekezaji mmoja alinuna, mkono wake ukabaki hewani mpaka kaka yangu akaupokea, na mazungumzo yote yaliyofuata akamwelekea kaka, ilhali hesabu ninazo mimi. Iliniuma. Ndugu zangu, kwa mwanamke ngojeni atoe yeye kwanza. Denmark sheria ya 2018 ililazimisha anayepewa uraia kumpa mkono afisa. Huku kwetu dini na heshima ndivyo vinavyoamua.

Mwana wa Shela
Mimi naona vijana wetu wanaumizwa zaidi kwenye usaili wa hoteli. Tumelelewa kumpa mzee mkono laini, unainama, unaubusu, shikamoo. Binamu yangu alimpa meneja wa kigeni mkono ule ule wa adabu, baadaye akaambiwa hajiamini. Kijana ana adabu zake zote! Tuwafundishe mapema: mgeni mbane kiasi, mtazame, mzee wako abaki na mkono wake.

Mchuuzi wa Mbuzi
Nyote mnazungumzia salamu. Nendeni masoko ya mifugo ya Wasomali mkaone mkono ukifanya kazi. Madalali wawili hushikana mikono chini ya kitambaa, vidole vinabonyezwa kutaja bei, na aliyesimama kando haambulii kitu. Nimewatazama sana: nyuso zimetulia kama hawana habari, ghafla mmoja anachomoa mkono. Bei imekataliwa.

Dalali wa Viwanja (Malindi)
Binti Langoni, nimekuelewa, na mwenye hesabu ndiye wa kuzungumza naye. Fundi, mwambie mzee namsalimu. Waliofanya kazi na Wachina bandarini Kililana, huko Lamu, bado hamjasema: bosi wao mkubwa akiingia, nani hutangulia kutoa mkono?