Ukoo wa Isevya: nywele za dhahabu za sendofu

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Jamani sendofu ni Jumamosi, nataka nywele za dhahabu siku hiyo tu. Hizi za kahawia nizing'arishe vipi hapahapa nyumbani? Jumatatu naingia kazini.

Kaka Hamisi: Mzungu wa wikiendi 😂😂

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Kamua ndimu, paka, kaa juani.

Dada Tatu Saluni: Hapana mama mdogo 🙏 Ndimu kwenye ngozi na jua hili la Tabora, paji la uso linababuka na kubaki na madoa meusi. Na dhahabu yenyewe haiji.

Kaka Hamisi: Asali je? Si ndiyo tunayo

Dada Tatu Saluni: Asali ikichanganywa na maji inatoa haidrojeni peroksaidi, ileile ya kwenye blichi, ila kiduchu mno. Nywele za Zuhura wala hazitashtuka.

Mama Mdogo: Kwanza asali ni ya kula!!

Zuhura: Basi blichi, Jumapili nirudishe kahawia

Dada Tatu Saluni: Sikia mdogo wangu. Blichi haina cha siku moja. Inaingia ndani ya unywele inaila rangi ya asili, na hairudi mpaka ziote mpya, kama sentimita moja kwa mwezi. Kahawia ya Jumapili itafunika tu. Halafu wewe una dawa ya kulainisha nywele kichwani, ukiongeza na blichi zinakatika, utazikuta kwenye chanuo.

Zuhura: Rangi ya kopo?

Dada Tatu Saluni: Rangi ya kopo peke yake haitazifikisha kwenye dhahabu. Labda waksi ya rangi, hiyo inakaa juu ya unywele na shampuu inaitoa. Ila ukitoka jasho unacheza inashuka kwenye kola, na hiyo sare mmelipia.

Babu: Mwangaluka. Nani anapaka asali kichwani

Kaka Hamisi: Shikamoo babu, hakuna 😂

Zuhura: Shikamoo babu. Dada sasa nifanyeje jmn

Dada Tatu Saluni: Suka rasta, zile nywele bandia za paketi. Namba 27 ina rangi ya asali, itakukaa vizuri. 613 ni nyeupe sana, picha za usiku utaonekana kama una mvi. Jumapili unafumua, nywele zako zipo vilevile.

Zuhura: 27 basi. Ijumaa?

Dada Tatu Saluni: Saa mbili asubuhi, kichwa kimeoshwa. Paketi zote ziwe za kampuni moja, ukichanganya 27 hazifanani.

Zuhura: Kaka Hamisi upo sokoni?

Kaka Hamisi: Nipo Nzega. Muulize mama mdogo