Naomba ushauri: vijana wa Kiingereza na wa Kifaransa hawachanganyiki, nataka kutumia hadithi

Mlezi wa Vijana
Wakuu, habari zenu. Nasimamia kikundi cha vijana wa miaka 15 hadi 22. Wengine wamesomea Kiingereza, wengine Kifaransa. Mpira wanacheza pamoja bila shida, lakini filimbi ya mwisho ikilia kila mmoja anarudi kwa wenzake. Ukiingia ukumbini utadhani ni wageni wa arusi mbili waliopangiwa ukumbi mmoja kwa bahati mbaya. Ugomvi hakuna. Hilo ndilo linalonisumbua, maana ugomvi ungenipa pa kuanzia.

Kamati imekubali tuwe na jioni ya hadithi kila mwezi: za bibi na babu, za mtaani, za maisha yao wenyewe. Tumeshaanza. Utaratibu uliopitishwa ni wa mkalimani: kijana anasema sentensi, inafasiriwa, anaendelea. Unachosha! Kichekesho kinachekewa mara mbili, na mara ya pili ni kwa adabu tu. Halafu wengi wa Kifaransa wana Kiingereza kiasi, kwa hiyo wakiona wenzao hawaelewi wanahamia huko. Baada ya nusu saa Kifaransa hukisikii tena, na wasiojua Kiingereza wameinamia simu.

Je, bila mkalimani inawezekana? Nianze na ngano au na hadithi za maisha yao? Kuna pia mzazi anataka turekodi video tuziweke mtandaoni, naona kama ni mapema. Kifaransa changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo msinipe mbinu inayonitaka niwe hodari. Nawasilisha.

Chuma Ulete
Wape chakula mkuu, watachanganyika wenyewe.

Mlezi wa Vijana
Chakula wanakula. Kila upande na meza yake.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu Mlezi, hili si geni. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika kwamba kukutanisha makundi mawili peke yake hakutoshi. Alitaja mambo manne yanayosaidia: wawe na hadhi sawa pale wanapokutana, wawe na lengo moja, walifikie kwa kushirikiana na si kwa kushindana, na wenye mamlaka wawaunge mkono waziwazi. Pima jioni zako kwa vigezo hivyo. Hadhi sawa haipo, maana upande mmoja unasimulia kwa lugha yake na mwingine unasimulia kwa lugha ya kuazima. Lengo moja nalo silioni. Kukaa kusikilizana ni jambo jema, ila hakuna kinachomfanya mtu amhitaji mwenzake.

Na hilo la wa Kifaransa kuhamia Kiingereza usilione kama ukarimu wao tu. Tazama Kanada, ambako lugha zote mbili ni rasmi. Katika sensa ya 2021, waliosema wanaweza kuzungumza zote mbili walikuwa asilimia 46.4 Quebec, kwenye wasemaji wengi wa Kifaransa, na asilimia 9.5 tu nje ya Quebec. Mzigo wa kujifunza lugha ya mwenzake huwa unabebwa na yule ambaye lugha yake ina nguvu ndogo. Usipoweka kanuni, ukumbi wako utafuata mkondo huohuo. Kanuni yangu ingekuwa hii: kila jioni iwe na lugha inayoongoza, mwezi huu Kifaransa, mwezi ujao Kiingereza, na siku ya Kifaransa wa Kiingereza ndio wahangaike.

Binti wa Ziwani
Mimi niliwahi kuwa kwenye viti vya Kifaransa katika kikundi kama hicho. Mwalimu amesema kweli, ila naongeza kitu. Unapohamia Kiingereza chako kibovu unakuwa mtu mwingine. Nyumbani mimi ndiye mchekeshaji, kule nilionekana mpole. Wenzangu wa Kiingereza walinipenda, lakini walimpenda huyo mpole ambaye mimi simjui. Waache wasimulie kwa lugha wanayoiota usiku, hata kama nusu ya watu hawaelewi kila neno.

Fundi Seremala
Wasipoelewa si ndiyo kurudi kwenye simu?

Binti wa Ziwani
Wataelewa zaidi ya unavyodhani wakipewa kazi ya kufanya. Mbinu tuliyoipenda: watu wawili wa Kifaransa wanasimulia kwa dakika tano, mmoja kwa mdomo, mwingine kwa mwili, yaani anaigiza kila kitu. Kisha mtu wa Kiingereza anasimama na kusimulia upya kile *anachodhani* amesikia. Hapo ukumbi unavunjika mbavu, kwa sababu mbuzi amegeuka shangazi na harusi imegeuka kesi. Mwishoni wenye hadithi wanasema wapi amepatia na wapi ameruka. Siku inayofuata mnageuza. Mkalimani akae pembeni, aitwe mtu akikwama kabisa.

Mpaukwa
Umenena dada. Kuhusu swali la ngano au maisha: anza na ngano. Hadithi ya maisha inataka kuaminiana ambako bado hakupo, na mtoto wa miaka 15 hatakwambia la moyoni mbele ya watu asiokula nao meza moja.

Halafu ngano zina faida nyingine: pande zote mbili tayari wanazo, ila hawajui. Visiwa vya Karibi ni mfano mzuri. Haiti msimulizi anaita "Krik?" na watu wanajibu "Krak!" Nenda Grenada au Trinidad, wanakoongea Kiingereza, utakuta krik krak hiyohiyo. Wametawaliwa na wakoloni tofauti, lakini mlango wa hadithi ni mmoja. Sisi tuna paukwa, pakawa. Na yule sungura mjanja anayewapiga chenga wakubwa yumo kwenye ngano zetu, yumo Senegali, yumo Louisiana kwa Kifaransa kwa jina la Compère Lapin, na yumo kusini mwa Marekani kwa Kiingereza. Waulize tu, "Nani kwenu alikuwa mjanja?" Uone mikono itakavyonyooka pande zote mbili. Wakishajua wana mjanja mmoja, wape kazi ya kumtungia kisa kipya kinachotokea leo, kwa lugha zote mbili. Hapo unapata lile lengo moja la Mwalimu.

Kama unataka maandishi ya kuanzia, African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi za bure mtandaoni, nyingi kwa Kiingereza, Kifaransa na hata Kiswahili. Wewe soma ya Kiswahili, hutahitaji Kifaransa.

Sijaridhika
Nitakuwa mbaya kidogo. Hadithi ni tamu, ila haziondoi sababu ya watu kukaa pande mbili. Kameruni ina lugha rasmi hizohizo mbili. Mikoa minane kati ya kumi ni ya Kifaransa, miwili ni ya Kiingereza. Mwishoni mwa 2016 mawakili na walimu wa mikoa ile miwili waligoma, kwa sababu walikuwa wakipelekewa mahakimu na walimu waliofunzwa kwa mfumo wa Kifaransa. Mambo yakaharibika hadi bunduki zikalia. Nao wana ngano, tena nyingi, na vijana wa mjini wana hata lugha yao ya mchanganyiko. Shida ni nani anaamua. Kwa hiyo swali langu kwako Mlezi: kamati yenu ina watu wangapi wa Kifaransa?

Mlezi wa Vijana
Hakuna hata mmoja. Tuko watano, wote wa Kiingereza.

Sijaridhika
Basi anzia hapo. Krik krak itafuata.

Mwalimu Mstaafu
Mkali, lakini ndicho kigezo cha nne nilichokitaja. Vijana wanaona nani ameshika funguo za ukumbi.

Kamera Moja
Nijibu la video, ndiyo kazi yangu. Mzazi ana nia njema, ila asubiri. Una watoto chini ya miaka 18, kwa hiyo unahitaji ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na ridhaa ya kusimulia ukumbini si ridhaa ya kuwekwa mtandaoni. Hadithi ya kijana leo inaweza kumwaibisha akitafuta kazi kesho.

Kuna njia ya kati. Kule Berkeley, California, tangu miaka ya 1990 watu wamekuwa wakifundisha hadithi fupi za kidijitali: sauti ya mwenye hadithi, picha chache zake, dakika mbili au tatu basi. Kabla ya kugusa mashine wanakaa kwenye duara, kila mtu anasoma rasimu yake na wenzake wanamsaidia. Duara hilo kwenu lina thamani kuliko video yenyewe. Kijana arekodi kwa lugha yake, na mwenzake wa upande wa pili ndiye aandike maneno ya chini ya picha. Watakaa pamoja saa nzima kubishana juu ya sentensi moja, na hicho ndicho unachokitafuta. Zioneshwe ukumbini kwanza, na mwenye hadithi awe na haki ya kuitoa wakati wowote bila kuulizwa sababu.

Fundi Seremala
Nami nina moja. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya wanafunzi weusi, weupe na Walatino, Elliot Aronson na wenzake waligawa somo vipande, kila mwanafunzi akapewa kimoja. Hupati somo zima bila kumsikiliza yule usiyempenda. Fanya hivyo na hadithi: ikate, vipande vingine viwe kwa Kiingereza, vingine kwa Kifaransa. Hakuna anayejua mwisho peke yake.

Mlezi wa Vijana
Wakuu, mmenipa kazi. Mwenyekiti nimeshampigia, kikao kijacho ajenda ya kwanza ni kuongeza watu wa Kifaransa kwenye kamati, na nitapendekeza wawe vijana wenyewe. Video nimeisimamisha. Jioni ijayo itaongozwa na Kifaransa, tutaanza na mjanja wa Mpaukwa, kisha vipande vya Fundi. Sasa Fundi, kwa watu kama ishirini na wanne nikate vipande vingapi?

Fundi Seremala
Usikate kwa watu wote. Gawa makundi manne ya sita, watatu wa huku na watatu wa kule. Kila kundi lipate hadithi nzima kwa vipande sita: vitatu Kiingereza, vitatu Kifaransa, vimechanganywa visiwe na mpangilio. Kila mtu asome chake kimya kisha karatasi uzikusanye, la sivyo watapeana tu wasome. Na kipande cha mwisho kiwe cha Kifaransa.